Pengo

Tulipoagana kituo cha basi, Kaunas, Rimantas,
ulinichorea mistari miwili kwenye daftari la shule:
juu, bei ya nyumba za Cork unakokwenda kupiga plasta,
chini, bei ya zetu, ghorofa ya nne, hakuna lifti.
Ukagonga katikati kwa kidole: Vaiva, humu ndimo nitakamochuma.
Miaka sita. Saba, tukinunua na jiko.

Pengo lenyewe lilikuwa pana,
mtu angepita humo na godoro kichwani.

Mwaka wa kwanza ulituma picha ya chumba chako:
vitanda vinne, dirisha moja, kodi ya kutoa machozi.
Nilicheka. Mimi nililipa robo yake
kwa vyumba viwili na ghala la chini
alikowekea mama matango yake ya siki.

Kisha ikaja riba nyepesi kama pamba,
ile ile iliyopita kwenu wiki iliyotangulia.
Akaja mnunuzi ambaye hakushuka hata kwenye teksi.
Akaja mpiga picha, kijana mpole,
akaniomba niondoe pazia la bibi
kwa sababu, alisema, linaonyesha nyumba iko wapi.

Kumbe siku hizi nyumba haitakiwi kusema iko wapi.

Kuta zikapakwa kijivu cha kuta zako.
Mlangoni kikaning'inia kisanduku cha funguo, tarakimu nne.
Ghala la mama sasa linaitwa studio,
mita kumi na moja, tulivu.
Matango yako chini ya kitanda changu, mtaa mwingine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Mgeni kaja.
Mwenyeji kapanga kwa mgeni.

Jumapili ulinitajia kodi yako mpya,
nami nikakutajia yangu,
tukanyamaza kama watu wawili
waliokutana msibani wamevaa nguo sare
bila kuambizana.
Nikasikia birika lako likichemka.
Labda lilikuwa langu.

Unauliza kama urudi.
Daftari ninalo, nimeendeleza mistari kwa kalamu ya risasi
mwaka baada ya mwaka, bila rula, mkono ukitetemeka kidogo.
Jana nilijaribu kupitisha ukucha katikati.

Rudi ukitaka.
Ila uje na godoro lako.