Mstari Mmoja

Hesabu nilifundishwa na masista, mimi Numbi,
karani wa ghala la tatu hapa Lubumbashi:
kosa la daftari halifutwi kwa raba.
Linapigwa mstari mmoja, mwembamba,
ajaye nyuma aweze kulisoma,
na juu yake unaandika kilicho kweli, na jina lako.

Mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua,
bwana Lwamba alishuka na karatasi iliyokwisha kuchapwa:
tani mia tisa za shaba.
Asubuhi ile nilikuwa nimehesabu. Mia tatu na kumi na mbili.
Nikacheka, nikidhani mashine imekosea.
Yeye hakucheka.
«Zilizobaki ziko njiani, mama. Andika.»

Njia gani? Barabara ya Likasi naijua,
kaka yangu anaipita na lori kila juma.
Niliandika.

Mkaguzi alikuja na viatu visivyojua vumbi,
akahesabu safu ya mbele, ile inayong'aa.
Nyuma yake, chini ya turubai,
tulikuwa tumepanga magunia ya taka nyeusi
kutoka kile kilima cha masizi kando ya dohani.
Aliomba maji baridi. Akatia sahihi.
Benki ikafurahi; keki ikaletwa, nikala.

Akuambiaye ni tarakimu tu,
mpeleke Katuba kwa mjane wa Kyungu, fundi wa tanuru.
Miaka thelathini na mmoja mumewe alikatwa akiba,
na bahasha ya mwisho ilikuwa na barua ya pole.
Unga wa bukari anakopa kwa jirani.
Tani mia tano themanini na nane ambazo hazikuwepo:
humo ndimo lilimokuwa paa lake.

Mababu walilipana misalaba ya shaba.
Sisemi walikuwa watakatifu.
Ila msalaba usiokuwepo hukuweza kumpa mtu:
angenyoosha mkono, mkono ungebaki mwepesi.

Leo niko mbele ya tume. Lwamba yuko ng'ambo,
anaumwa, wanasema.
Wakili ananiomba niseme niliamriwa.
Niliamriwa. Lakini kalamu ilikuwa yangu,
na mwezi ule nilipata nyongeza, nikanunua friji.
Bado inagandisha vizuri.

Nipeni daftari.
Ukurasa wa arobaini na saba, safu ya pili.
Raba rudisheni.
Mia tatu na kumi na mbili.
Numbi.