Majani ya Chuma

Kwa Msangi, Kariakoo, shokapu zimetundikwa ukutani,
za njano, za buluu, zinang'aa kama mikebe ya peremende.
"Inchi nne juu," akasema, "utavuka hata mto,
watu watageuka kukutazama."
Nikapiga hesabu ya pesa, nikapiga hesabu ya watu,
nikaomba maji ya kunywa.

Nje, pikapu yangu imeketisha kitako,
imechuchumaa kama aliyepokea habari mbaya kwenye simu.

Gerezani, fundi Sikudhani hakuuliza nina shilingi ngapi.
Alitandika boksi, akalala chali, akazama chini ya gari,
nikabaki nazungumza na kandambili zake.
"Unabeba nini?"
Vioo.
Kandambili zikatulia.
Vioo vya madirisha, nikasema. Natoka navyo Buguruni,
napita Kisarawe, naacha lami,
baada ya Mzenga naacha hata changarawe,
nabaki na njia ambayo masika huiandika upya kila mwaka
kwa mwandiko mbaya.
"Na ukirudi, unarudi na nini?"

Hilo sikuwahi kuulizwa.
Narudi na fremu tupu ya mbao, na kamba,
na Kondo, kijana wangu, kalala mdomo wazi.
"Basi una magari mawili," ikasema sauti kutoka gizani.
"La kwenda na la kurudi.
Na miguu ni ileile minne."

Akatoka na grisi shavuni, akaokota chaki,
akachora sakafuni majani ya springi:
refu, fupi, fupi zaidi,
majani yasiyojua kunyauka,
yanayojua kuchoka tu.
Ukiongeza mawili manene, alisema, mzigo utainuka, sawa.
Lakini gari likiwa tupu halitakuwa na adabu,
litaruka kama mbuzi aliyekata kamba.
Halafu kioo, kaka, hakivunjwi na shimo.
Shimo unaliona, unapunguza mwendo.
Kioo huvunjwa na ule mtetemo mdogo usiokwisha.

"Springi hubeba. Shokapu hunyamazisha.
Watu wananunua mbebaji,
mnyamazishaji wanamsahau."

Nikawakumbuka baba na mama. Sikusema kitu.

Siku mbili nyundo, siku mbili yu-bolti zenye kutu
zikitoka kwa mafuta ya taa na matusi.
Jani la tatu lilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele;
tangu lini nimekuwa nikiendesha juu ya ufa huo?
Akaweka jingine. Akabadilisha bushi zote za mpira.
Na chini kabisa akafunga jani moja fupi, nene,
ambalo haligusi kitu mpaka mzigo uzidi,
kama yule shemeji asiyeonekana harusini
ukamkuta msibani, ameshika sepeto.
Shokapu akachagua nyeusi, zisizo na jina la kujivunia,
zenye mkono mzito.
Juu tuliongeza inchi moja na nusu tu.
Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Ijumaa tukapakia vioo ishirini na vinne,
magunia katikati, Kondo nyuma akivisikiliza
kama mtu anayesikiliza chumba cha jirani.
Kwenye makunyanzi ya barabara alipaswa kugonga bati
akisikia kilio chochote.
Hakugonga. Nikadhani amelala.

Vilifika ishirini na vinne.
Kimoja kilipasuka wakati wa kushusha,
mikononi mwa Kondo, injini imezimwa,
mbele ya mwenye nyumba na watoto wake wote.
Nilipompigia fundi kumweleza, alicheka mpaka akakohoa.
"Huyo Kondo mlete Jumatatu," akasema.
"Hana shokapu."

Jioni tukarudi watupu.
Tuta la Gongo la Mboto nalijua kama jino bovu:
nikakaza meno, nikakaza usukani,
mgongo ukangojea pigo lake la kila safari.
Halikuja.
Nikaendelea kujikaza hivyohivyo
mpaka Buguruni.