Saa Nne

Zamani simu ililia saa sita mchana.
Sauti kutoka Hanoi, ya upole, kama ya karani wa benki:
"Dada Nhuong, punguza."
Nami nikapunguza.

Jua la Ninh Thuan halijui kupunguzwa.
Linakausha majaruba ya chumvi mpaka yanapasuka,
linawatafuta kondoo wa mjomba Phai chini ya kila kichaka,
linagonga paneli laki tatu kama mdai mlangoni,
na mimi, mwenye funguo, nafunga.
Waya ni nyembamba, walisema. Gridi imeshiba.
Megawati arobaini, hamsini,
nilizimwaga kwa kidole kimoja,
kisha nikafungua kopo langu la wali
na wali haukupita.

Jioni, kule kaskazini ufukweni,
dohani ya makaa ikaanza kuvuta sigara yake.

Mama yangu hamwagi kitu.
Ana mitungi kumi na minane nyuma ya nyumba.
Dagaa, chumvi, dagaa, chumvi,
jiwe juu, kifuniko, na mwaka mzima wa kunyamaza.
Akichomoa kizibo hutoka mchuzi wa rangi ya chai,
na harufu inayowafukuza wageni wa mjini
hunirudisha mimi jikoni mbio.
Nilipomwambia habari za ile simu
aliacha kunawa.
"Mnamwaga? Kampuni nzima, hamna hata mtungi?"

Aibu ile nilikwenda nayo kazini miaka miwili.

Mitungi ilifika mwezi wa tatu, juu ya malori:
kontena arobaini, nyeupe, zisizo na dirisha.
Mhandisi Vuong alipita katikati yake usiku
akiweka kiganja mlango kwa mlango
kama mzazi wa watoto wengi wenye homa.
Zinaogopa joto, alisema.
Zina feni, zina maji baridi,
na hula kidogo ya kile zinachotunza.
Ni mlinzi gani wa ghala asiyeonja?
Kondoo ndio waliozielewa kwanza:
alasiri, upande wa mashariki, kuna kivuli.
Wakalala hapo, wakacheua,
mngurumo wa feni ukiwatikisa ndevu.

Leo simu haikulia.
Niliutazama mchana ukiingia ndani,
asilimia thelathini, sitini,
tisini na moja.
Saa kumi na mbili na dakika kumi
jua likatumbukia nyuma ya milima,
na mshale kwenye skrini yangu,
uliokuwa ukielekea ndani tangu asubuhi,
ukageuka.

Nikampigia mama.
"Taa inawaka?"
"Inawaka."
"Inawakaje?"
"Kama taa. Nhuong, umekula?"

Nilitaka kumwambia: huo ni mchana, mama.
Ndilo lile jua lililokubabua shingo
ukipanga dagaa wako, limerudi kwa mlango wa uani
kukusaidia kutafuta miwani.
Lakini televisheni ilikuwa inapiga kelele,
jirani alikuwa amekuja kuazima ndoo.
Nikasema nimekula.

Akiba haiozi, wanasema watu.
Hii yetu inaoza. Polepole,
kila mwaka sehemu yake;
Vuong ameandika hesabu ukutani kwa penseli
na ameibonyeza penseli sana.
Tena inatosha saa nne tu.
Saa nne, na ilipotimu saa nne
ikabaki asilimia sita, mshale ukafifia,
feni zikapunguza sauti moja baada ya nyingine.

Kaskazini, dohani ikawasha.
Ilikuwa imechelewa, lakini.
Watoto walishamaliza hesabu zao,
mwenye duka la barafu alishashusha mlango,
mama alishapita na tochi
akihakikisha mawe yako juu ya vifuniko.

Nikaandika kwenye daftari la zamu:
muda, kiasi, jina.
Nje, gizani, kondoo mmoja akakohoa,
akajisogeza karibu na kontena
ambayo bado ilikuwa na uvuguvugu.