Kiazi Kimoja

Baba alisema: mizani ni mizani,
kilo haina pasipoti.
Tulikuwa watu kumi na saba, karakana moja kule Braga,
paa linavuja juu ya mashine ya kukereza,
na mkopo wa benki, nyumba ya bibi ikiwa rehani.

Tukatuma mizani mia mbili Peru.

Bandarini Callao kontena likakaa siku arobaini na moja
kama mgeni asiyeonyeshwa kiti.
Cheti kilikosa mhuri. Mhuri ulipopatikana, ukakosa tarehe.
Tarehe ilipokuja, ada ya kuhifadhi mzigo
ilishakula faida, inalamba vidole.
Wakala wetu, Leoncio, mwenye tabasamu la kukodi,
akabadilisha namba ya simu.

Makampuni makubwa hukosea, yakalipia, yakasahau.
Sisi tukikosea, Hermínio mchomeleaji hapati mshahara.

Hatimaye Huancayo, juu, ambako pumzi huja kwa kipimo.
Saturnina Huamaní akapandisha gunia la viazi,
akasoma, akalishusha,
akalirudia kwenye mizani yake kuukuu ya mawe.
"Yenu inakula," akasema. "Kila gunia, kiazi kimoja."

Baba alicheka simuni. Kisha akanyamaza.
Kweli: dunia haivuti kwa nguvu ileile kila mahali.
Springi tuliyoipima kwetu, karibu na bahari,
kule milimani ilipunja gramu mia na hamsini,
na katika karatasi zote tulizogongewa mihuri
hapakuwa na hata moja iliyosema hivyo.

Akaenda mwenyewe, miaka sitini na minne,
na mawe ya mizani mkobani;
forodhani wakamshuku amebeba dhahabu.
Siku kumi na tisa alirekebisha moja baada ya nyingine,
akitapika kwa kimo, akinywa chai ya koka,
Saturnina kasimama nyuma yake, mikono kiunoni,
hasaidii, haondoki.

Safu yake ya vibanda iliagiza sita.
Si mia sita. Sita.
Tena malipo baada ya siku tisini.

Nikaandika sita katika daftari, nikapigia mstari,
sijui kwa furaha au kwa hasira.
Kiazi alichompa baba kiko juu ya meza yangu,
cha zambarau, kimeanza kuchipua machoni.
Sijakipima.