Vifuniko vya Soda

Chumba kina mkeka, ndoo ya vifuniko vya soda,
na kioo ambacho upande wangu kinanirudishia sura yangu tu.
Nyuma yake yupo Bi Kalunde.
Sauti yake imo sikioni mwangu, kwenye waya mwembamba,
kama mbu aliyesoma.

"Kaa chini," anasema. "Chini kabisa, Baba Mihayo.
Magoti hayana cheo."

Nikakaa. Mimi, fundi baiskeli wa Isevya,
mikono ina grisi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa,
nimekaa mkekani mbele ya mtoto wa miaka minne
aliyemng'ata mwalimu wa chekechea mpaka akachomwa sindano,
aliyetumbukiza sufuria ya ugali chooni, ugali ungali wa moto,
ambaye mtaa umeshampa jina,
nami jina hilo silitaji.

"Usimuulize. Usimwamuru. Sema unachokiona."

Ninachokiona?
"Unaweka... kifuniko juu ya kifuniko."
Aibu ikanipanda shingoni.
"Cha kijani. Sasa chekundu. Unakitafuta cha njano."
Mihayo akageuka, akanitazama
kama mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri
ndipo akasikia jina lake likiitwa.

Mama yangu, aliyetulea saba kwa mwiko,
alisema: mnalipa nauli mkafundishwe kucheza?
Samaki mkunje angali mbichi.
Methali ile nikampelekea Bi Kalunde kama mashtaka.
"Mkunje, sawa," akasema. "Kuna aliyesema mvunje?"

Nikajaribu nyingine. Nikamwambia kwetu Sikonge
baba alikuwa na mizinga; nyuki huendewa polepole,
kwa moshi, moyo ukiwa umetulia.
Nikadhani nimepatia.
"Mwanao si nyuki. Wala hukuja kurina asali.
Nenda nyumbani. Dakika tano kila siku, simu ukiwa umeizima."

Dakika tano ni ndefu.
Ndani yake garimoshi la Mpanda hupiga honi, likatulia, likapiga tena,
na kifuniko kimoja bado hakijapata pa kukaa.

Jumanne ya wiki ya nne nilimpiga.
Alikuwa ametia spoki za mteja kwenye jiko la mkaa,
mteja amesimama pale pale, anatazama saa,
na sikioni mwangu hamkuwa na mtu.
Kofi moja.
Kisha kimya, na kimya kile nilikifahamu,
kilikuwa changu, cha nyuma ya ghala la tumbaku,
nikiwa na kaptura iliyochanika na umri kama wake.

Alhamisi nilikwenda kliniki kama anayejipeleka polisi.
Bi Kalunde hakushika kalamu.
"Kisha ukafanya nini?"
Nilikaa chini.
"Wapi?"
Kwenye vumbi. Karibu naye, si karibu sana.
"Ukasema nini?"
Nikasema: unalia.
Nikasema: mkono wangu umekuumiza, nao haukuwa na haki.
Mteja?
Mteja aliondoka na baiskeli yake mbovu.

Akanyamaza kidogo. "Hilo la pili," akasema,
"mimi sikukufundisha."

Sisemi amepona; hakuwa mgonjwa.
Juzi ameng'ata tena, bega la mtoto wa jirani,
tukaenda wawili kuomba radhi, yeye kanishika kidole kimoja
kwa nguvu, kana kwamba mimi ndiye ningekimbia.

Leo jioni nimeipindua baiskeli, magurudumu juu.
Mihayo amechuchumaa kando, kidevu magotini.

"Unafunga nati," akasema.

Nikaendelea, kimya.

"Imeanguka. Unaitafuta."

Nikapapasa mchangani, huku na huku.

"Umekasirika kidogo,"
akasema, akainua unyayo wake,
akaitoa nati chini ya vidole
akaniwekea kiganjani.