Udongo wa Hosta

Kichanga cha Ermelo hakitunzi amana, alisema Wietske:
ukimiminie ndoo asubuhi,
jioni kimekana.

Akaleta kwa baiskeli gunia la mboji,
majani ya mwaloni yaliyolala miaka miwili.
Akachanganya kwa mikono mitupu.
Akafinya tonge, akalibonyeza kwa dole gumba:
likinata, mizizi itaoza;
likimeguka, haya, panda.

Nyuma ya banda, jua lisikofika adhuhuri,
akaifukia hosta aliyoachiwa na Sjoerd,
kipande cha mzizi katika gazeti lililolowa.

“Yeye alipenda jua,” alisema, akijipangusa magoti,
“nasi tukamlaza chini ya misonobari.”

Aprili zikachomoza ncha tatu za zambarau.
Konokono walijua kabla yetu.