Buluu ya Alfajiri

Tangu Jumanne, ndege ya Ndahani ilipolala kifudifudi bwawani Hombolo,
mkahawa wa uwanjani umekuwa mahakama
isiyo na hakimu, yenye maandazi.

Kapteni Lwitiko amegeuza kisahani kuwa bwawa.
Kijiko ndiyo ndege.
"Mwari," anasema. "Kundi zima limenyanyuka kwa mpigo.
Mmoja kwenye propela, kwisha habari."
Anakiangusha kijiko. Chai inaruka hadi kwenye shati lake jeupe.

"Mwari gani, futi elfu tatu juu ya ardhi?"
Huyo ni Mkami, arushaye madaktari kwenda Kondoa,
asiyecheka kabla ya saa nne.
Kwake ni barafu. Barafu kwenye kabureta.
Mhudumu anacheka hadi anatua birika:
barafu, Dodoma, mwezi wa kumi na mbili!
"Hewa ikishiba unyevu huganda," Mkami anasema,
"hata kama wewe unatoka jasho."

Mzee Msanjila, ambaye macho yalimnyang'anya leseni,
anasubiri wachoke.
"Injini imezima, sawa. Kwa nini maji?
Pembeni kote kule si tambarare?"
Kisha anajijibu, maana ndicho kilichomleta:
ukiwa juu, mashamba ya zabibu ni mkeka wa kijani,
ukishuka ni nguzo na waya,
na waya hauonekani mpaka umekukata.
Ndahani amekulia humo, akifunga matawi kwa kamba za katani.
Alijua.
Akachagua maji yenye chumvi yasiyonyweka,
na abiria watatu wakatoka kwa miguu, tope kiunoni,
mmoja bado ameinua juu mkoba wa makabrasha ya kikao.
Yeye mwenyewe, mtulinga tu.

Kuna neno moja linazunguka meza kama nzi
na hakuna anayelifukuza wala kulitaja.
Mafuta.
Wakilikaribia, wananiangalia viatu, wanaomba sukari.
Adabu yao inaniunguza kuliko tuhuma.

Ni mimi niliyejaza.
Saa kumi na moja na nusu, lami imelowa;
mvua ya kwanza, ile tuliyoiombea tangu Septemba,
ilikuwa imekesha juu ya mapipa.
Nikafungua koki chini ya bawa, nikakinga chupa,
nikainua.
Mafuta yetu ni ya buluu. Maji hayana rangi.
Yakikutana, maji hukaa chini kama punje ya kioo,
mtoto angeyaona.
Lakini chupa ikijaa maji matupu
hakuna punje, hakuna mstari, kumetulia tu.
Ndiyo maana tulifundishwa: weka karatasi nyeupe nyuma yake,
usiielekeze mbinguni.

Niliielekeza mbinguni.
Nikaona buluu.

Watu wa Dar wameshafunga tangi kwa utepe,
wameondoka na chupa zangu kwenye kisanduku chenye kufuli.
Majibu wiki mbili, labda sita.
Nami kila usiku naulizwa na dari:
ile buluu ilikuwa ya chupa
au ya alfajiri?

Leo Msanjila kanigeukia.
"Na wewe, Chilewa? Mbona husemi?"
Vijiko vikasimama.

"Sijui," nikasema.

Siku nne za maneno, na hilo lilikuwa bado halijatumika.
Mkami akalipokea kama sarafu ya nchi nyingine,
akaligeuza, hakulirudisha.
Lwitiko akafuta bwawa lake kwa kitambaa.

Nje ilitua ndege ya Mpanda, inataka lita mia mbili.
Nikavuta pampu ya akiba, ya mkono.
Mfukoni nilikuwa na risiti ya duka, upande mmoja mtupu;
nikaisimamisha nyuma ya chupa. Ikatetemeka,
au ni mimi.
Buluu.
Nikamwaga.
Nikakinga tena.